Uhalifu wa Chuki: Namna ya Kuutambua, Kuuandika na Kuufuatilia

Kesi ya uhalifu wa chuki mara nyingi haifii mahakamani. Hufa siku ile ile ya tukio, pale anayepokea taarifa anapoandika "ugomvi" na kuyaacha maneno aliyoyatamka mshambuliaji huku akipiga. Miezi inapita, mwendesha mashtaka analifungua jalada, na hamna ndani yake chochote kinachoonyesha kwa nini alipigwa huyu na si yule aliyesimama kando yake. Hapo hata sheria nzuri haina pa kushika.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa wale wanaofikiwa kwanza: watoa msaada wa kisheria, viongozi wa jamii, walimu, waandishi wa habari, ndugu na marafiki wa aliyeshambuliwa. Hauchukui nafasi ya wakili, maana sheria za nchi zinatofautiana sana. Lakini kazi ya awali inafanana kila mahali, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Anza na kosa, chuki ifuate

Mwaka 2009, huko Athens, nchi wanachama wa Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya (OSCE) zilikubaliana kwamba uhalifu wa chuki ni kitendo cha jinai kinachofanywa kwa msukumo wa ubaguzi. Yaani mambo mawili lazima yakutane: kosa lililomo katika sheria ya jinai, na ubaguzi uliomfanya mtenda amchague mlengwa wake.

Jipime hivi. Ondoa ubaguzi wote katika habari uliyoletewa, kisha uliza: kilichobaki bado ni kosa? Kupigwa, kuchomewa nyumba, kutishiwa kuuawa na kuvunjiwa makaburi ni makosa hata bila ubaguzi, kwa hiyo endelea. Kunyimwa kazi au nyumba ya kupanga kwa sababu ya dini ni ubaguzi, na pengine kuna sheria ya kumsaidia mhusika, ila njia yake kwa kawaida ni nyingine. Ukiichanganya na jinai utampeleka mtu kwenye mlango usiomhusu, naye akifukuzwa pale hatarudi tena.

Kuna jambo la kiufundi linaloeleza kwa nini wapelelezi wengi hukwama. Sheria ya jinai huuliza nia: ulikusudia kumjeruhi? Kwa kawaida haijali msukumo, yaani kilichokufanya utake kumjeruhi. Aliyeiba kwa njaa na aliyeiba kwa tamaa wote ni wezi. Mpelelezi amefundishwa na kuzoea kwamba msukumo si lazima uthibitishwe, halafu anakutana na kosa la aina hii ambamo msukumo ndio kiini cha jambo. Asipokumbushwa, atapeleleza kama alivyozoea.

Hatua ya 2: Jua sheria yako imejengwaje

Kuna miundo mitatu. Wa kwanza unaunda makosa yanayojitegemea. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1998, ikaweka makosa ya kushambulia, kuharibu mali na kutisha watu yanayozidishwa uzito na ubaguzi wa rangi, na mwaka 2001 ikaongeza dini. Wa pili unaacha kosa lilivyo lakini unamruhusu au kumlazimu hakimu kuongeza adhabu. Sheria ya adhabu ya New Zealand ya mwaka 2002 ni ya namna hiyo, na Ujerumani iliandika wazi mwaka 2015 kwamba msukumo wa kibaguzi uzingatiwe katika adhabu. Wa tatu ni ukimya: sheria haisemi lolote. Hata hapo usikate tamaa, kwa sababu katika nchi nyingi hakimu ana uhuru wa kupima uzito wa kosa, na hawezi kukipima ambacho hakikuwekwa mbele yake.

Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja. Katika muundo wa kwanza, ubaguzi lazima uwemo kwenye hati ya mashtaka tangu mwanzo na uthibitishwe kama sehemu ya kosa. Katika wa pili, unaweza kusahaulika kabisa mpaka siku ya hukumu, kisha ukatajwa kwa sentensi moja au usitajwe. Kwa hiyo muulize wakili mapema: suala la ubaguzi litaingizwa kesini wakati gani, na nani atakayeliingiza?

Swali la pili la kumuuliza ni zito zaidi: sheria yetu inadai chuki, au inadai kwamba mlengwa alichaguliwa kwa sababu ya alivyo? Fikiria genge linalowapora wahamiaji tu, kwa kuamini kwamba hutembea na fedha taslimu na huogopa kwenda polisi. Huenda hawana chuki nao hata kidogo. Chini ya sheria inayodai uadui, kesi ni ngumu. Chini ya sheria inayoangalia uchaguzi wa mlengwa, ushahidi unaweza kutosha. Sheria ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ilikuwa ya aina hii ya pili, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali kwa kauli moja katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Mitchell.

Uingereza nayo ilitafuta njia yake ya kukwepa ugumu wa kuingia moyoni mwa mtu. Sheria yake inatosheka ikiwa mtenda alionyesha uadui wakati wa kosa, au mara tu kabla au baada yake. Anachoamini nyumbani kwake si lazima kichimbuliwe. Hii ndiyo sababu neno moja lililotamkwa wakati wa kipigo lina thamani kuliko hotuba ndefu ya shahidi kuhusu tabia ya mshtakiwa.

Hatua ya 3: Angalia nani yumo kwenye orodha

Karibu kila sheria ina orodha ya sifa zinazolindwa: rangi, kabila, taifa, dini, mara nyingi ulemavu, jinsia na mwelekeo wa kimapenzi. Baadhi ya orodha zimefungwa, nyingine zinaishia na maneno kama "au sababu nyingine inayofanana". Isome mwenyewe, usiambiwe tu.

Orodha hazikamiliki. Mwaka 2007 huko Lancashire, Uingereza, vijana wawili wapenzi walishambuliwa bustanini kwa sababu ya mavazi yao ya mtindo wa kigothi (nguo na vipodozi vyeusi), na binti akafa. Mtindo wa mavazi haukuwa kwenye orodha ya sheria. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester walianza wenyewe kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki. Kwangu mimi hilo ni funzo zuri: kuandikisha hakuhitaji kusubiri bunge.

Kagua pia kama sheria inamlinda aliyedhaniwa vibaya na aliye karibu na mlengwa. Siku 4 baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Singasinga mmoja aliuawa kwa risasi nje ya kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona, na mtu aliyekuwa akitafuta wa kumlipizia kisasi. Mlengwa hakuwa Mwarabu wala Mwislamu. Ubaguzi ulikuwa halisi hata kama muuaji alikosea mtu. Ndivyo ilivyo kwa mume anayepigwa kwa sababu ya kabila la mkewe.

Hatua ya 4: Kusanya viashiria kabla havijapotea

Tumia muda wako mwingi hapa.

Andika maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, hata yakiwa machafu kiasi gani. Maelezo yanayosema "alitumia lugha ya matusi" yanaonekana ya heshima na yanaua kesi, kwa sababu tusi la kawaida na tusi linalotaja kabila la mtu si kitu kimoja mbele ya sheria. Andika nani alilitamka, lini kuhusiana na pigo la kwanza, na nani mwingine alilisikia. Neno likiwa la mafumbo ambalo mgeni hatalielewa, liache lilivyo, kisha eleza pembeni maana yake kwa wenyeji.

Halafu tazama mahali na wakati. Je, ni nyumba ya ibada, makaburi, au ukumbi unaojulikana kuwa wa kundi fulani? Je, ni sikukuu, kumbukumbu ya tukio la zamani, siku chache baada ya uchaguzi au baada ya habari iliyowachafua watu wa kundi hilo?

Tazama kisichochukuliwa. Mtu aliyepigwa hadi kuzimia na kuachiwa simu na pochi huenda hakuvamiwa na wezi. Tazama ukali uliozidi sababu: ugomvi wa kugongana bega ulioishia kwa majeraha ya kisu kumi unataka maelezo. Uliza kama walifahamiana. Uliza kama mtaa huo umeona matukio mengine yanayofanana, hata madogo ambayo hayakuripotiwa: mawe dirishani, maandishi ukutani, vikaratasi chini ya mlango.

Maandishi ukutani yapigwe picha kwa karibu na kwa mbali, kukiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, kisha yafutwe haraka polisi wakisharidhia. Watu wasilazimishwe kuyapita kila asubuhi eti kwa ajili ya ushahidi. Nguo zenye damu zikaushwe na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huharibu. Kamera za maduka na majengo hufuta picha zake zenyewe baada ya muda mfupi, kwa hiyo omba kwa maandishi siku ile ile zihifadhiwe. Ya mitandaoni yapigwe picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na anwani ya ukurasa, bila kukata wala kuchorachora, na simu ya awali ibaki na ujumbe wake. Mtu wa pili akiyanakili pia, itakuwa vigumu kudai kwamba yametungwa. Na aliyeumia aende hospitali hata akisema si kitu.

Kiashiria kimoja hakithibitishi ubaguzi. Wala kukosekana kwa matusi hakuuondoi. Kati ya 2000 na 2007 kikundi cha Kinazi mamboleo kilichojiita NSU kiliua watu 10 nchini Ujerumani. Tisa walikuwa wenye asili ya kigeni, wengi wao wafanyabiashara wadogo wenye asili ya Kituruki, na wa kumi alikuwa afisa wa polisi. Wauaji hawakuacha tamko eneo la tukio. Kwa miaka, wapelelezi waliwachunguza wafiwa wenyewe, wakitafuta dawa za kulevya na madeni ya magenge. Mwaka 2006 ndugu wa marehemu waliandamana mjini Kassel wakidai asife mtu wa kumi. Ukweli ulijulikana mwaka 2011. Swali "je, huenda wamechaguliwa kwa sababu ya asili yao?" lilikuwa likiulizwa na wafiwa, lakini halikupewa uzito na wenye mamlaka ya kulijibu.

Hatua ya 5: Msikilize aliyeshambuliwa bila kumhukumu wala kumlisha maneno

Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa kisu katika kituo cha basi jijini London tarehe 22 Aprili 1993. Uchunguzi wa wazi uliofuata, chini ya Sir William Macpherson, ulitoa ripoti mwaka 1999 ukasema polisi walikuwa na ubaguzi wa kitaasisi. Ukapendekeza pia kwamba tukio lichukuliwe kuwa la kibaguzi ikiwa mlengwa au mtu mwingine yeyote analiona hivyo.

Kanuni hiyo imezua mabishano yasiyokwisha, na mengi yanatokana na kuchanganya mambo mawili. Mtazamo wa mlengwa unatosha kufungua jalada la aina hiyo na kumlazimu mpelelezi achunguze ubaguzi. Hautoshi kumtia mtu hatiani. Hapo unahitajika ushahidi kama wa kesi yoyote. Ukiwa unamhudumia mtu, mweleze tofauti hii mapema, asije akadhani amesalitiwa mahakama inapodai zaidi.

Katika mazungumzo yenyewe, mwache asimulie mara moja bila kukatizwa, kisha ndipo uulize. Uliza "alisema nini?" na si "alikutukana kabila lako, sivyo?" Swali la pili linamtia jibu mdomoni, na wakili wa utetezi atalifurahia. Usimuulize kwa nini alipita pale, kwa nini alivaa vile. Mkalimani asiwe jirani wala mtu wa kundi lililomshambulia, na asiwe mtoto wake. Usiandike hali yake ya uhamiaji, mwelekeo wake wa kimapenzi au hali yake ya afya mpaka awe amekubali na ameelewa nani atasoma. Kwa baadhi ya watu, kuripoti ni kujianika kwa familia au kwa serikali inayowaona wao ndio wahalifu. Akiamua kutoripoti, uamuzi ni wake. Andika tukio bila jina lake, uhifadhi.

Hatua ya 6: Kesi zinazosumbua

Msukumo uliochanganyika ndio wa kawaida, si wa ajabu. Majirani wamegombea mpaka wa kiwanja kwa miaka, siku moja mmoja anachoma nyumba ya mwenzake huku akipaza sauti kwamba watu wa kabila la huyo mwenzake waondoke wote. Ni kiwanja au ni kabila? Sheria nyingi hazidai ubaguzi uwe sababu pekee. Nyingine zinadai uwe sababu kubwa. Andika yote mawili kwa uaminifu. Anayeficha ugomvi wa kiwanja atakuja kuaibishwa nao katika maswali ya upande wa utetezi.

Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, kama yaliyotokea Tanzania na Malawi, yanaivunja kabisa picha ya chuki kama hasira. Wanaotafuta viungo vya binadamu kwa imani za kishirikina wanafuata utajiri. Hata hivyo mlengwa amechaguliwa kwa alivyozaliwa, na kila mwenye hali kama yake anaishi kwa hofu baada ya tukio. Mimi sioni namna ya kuyaacha nje, na ni hoja yenye nguvu ya kupendelea sheria zinazoangalia uchaguzi wa mlengwa.

Watu wenye ulemavu husahaulika kwa njia nyingine: anayewaumiza mara nyingi ni "rafiki" au mlezi, na jalada huandikwa utapeli au unyanyasaji wa nyumbani, basi.

Halafu kuna matamshi. Mtu akisema maneno ya chuki bila kutenda kosa lingine, upo kwenye uwanja tofauti, wenye hatari zake. Sheria zilizoandikwa kwa maneno mapana zimetumika kuwanyamazisha wapinzani na hata makundi madogo zilizodai kuyalinda. Mpango wa Rabat wa mwaka 2012, uliotokana na mikutano ya wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa, unapendekeza kupima mambo sita kabla ya kuita maneno uchochezi wa jinai: mazingira, msemaji ni nani, nia yake, kilichosemwa na kwa namna gani, kilivyosambaa, na uwezekano wa madhara kutokea. Yatumie yote sita, hasa pale maneno yanapokukera wewe binafsi.

Hatua ya 7: Polisi na mahakama

Nenda na maelezo yaliyoandikwa, ukiwa na nakala. Omba neno la ubaguzi liingizwe kwenye maelezo rasmi, usome kabla mhusika hajatia saini, kisha chukua namba ya taarifa na jina la afisa. Akikataa, usigombane naye. Andika barua fupi kwa mkuu wake siku hiyo hiyo, na nakala kwa ofisi ya mashtaka na tume ya haki za binadamu kama ipo.

Nguvu ya kisheria ipo. Katika kesi ya Nachova dhidi ya Bulgaria, mwaka 2005, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba serikali ilikiuka wajibu wake kwa kutochunguza kama ubaguzi ulihusika katika kuuawa kwa wanaume wawili wa Waroma, jamii ndogo inayobaguliwa Ulaya. Haikusema mauaji yenyewe yalithibitika kuwa ya kibaguzi. Ilisema lilikuwepo la kuchunguza, na halikuchunguzwa. Hata nje ya Ulaya hoja hiyo inafaa kuazimwa: unachodai ni uchunguzi, si jibu.

Mahakamani, hatari kubwa ni makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa anakubali shambulio, upande wa mashtaka unaondoa ubaguzi ili kesi iishe, na aliyeumia anasikia hukumu isiyotaja kilichompata. Mwombe mwendesha mashtaka mapema ashauriane na mlengwa kabla ya makubaliano yoyote, na hakimu aseme wazi katika hukumu kama ubaguzi uliongeza adhabu na kwa nini.

Hatua ya 8: Soma takwimu kwa tahadhari

Kwa kipindi cha 2004 hadi 2015, utafiti wa serikali ya Marekani unaohoji kaya ulikadiria wastani wa mara zipatazo 250,000 kwa mwaka ambapo mtu alipatwa na uhalifu wa chuki. Katika miaka hiyo FBI, shirika la upelelezi la Marekani linalotegemea taarifa za vituo vya polisi, liliandika matukio ya maelfu tu kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya matukio yaliyotajwa katika utafiti huo hayakuripotiwa polisi, na vituo vingi mno hujaza sifuri. Kwa hiyo takwimu za polisi zikipanda, uliza kwanza kama uhalifu umeongezeka au imani kwa polisi ndiyo imeongezeka. Sifuri ya miaka kumi inanitisha kuliko idadi inayopanda.

Hatua ya 9: Baada ya tukio, na baada ya kesi

Kosa la namna hii ni ujumbe kwa kundi zima, kwa hiyo majibu yasiishie kwa mtu mmoja. Kiongozi wa upande wa mshambuliaji akilaani hadharani ndani ya siku moja au mbili, uvumi na visasi hupungua nguvu. Ukaribishaji wa maridhiano uje tu kwa hiari ya aliyeumizwa, akiwa na haki ya kusitisha wakati wowote. Usuluhishi unaosukumwa na wazee ili "yaishe kimya kimya" mara nyingi ni adhabu ya pili.

Kesi ikishindikana, usitupe kitu. Nguo za washukiwa wa mauaji ya Stephen Lawrence zilichukuliwa mwaka 1993. Zilipochunguzwa upya kwa mbinu mpya zilikutwa na chembe ndogo sana ya damu na nyuzi, na mwaka 2012 watu wawili wakatiwa hatiani. Vielelezo omba vibaki mikononi mwa polisi, ukipewa orodha yake. Nakala za maelezo, picha na barua weka sehemu mbili tofauti, moja nje ya nyumba ya mlengwa, na mwambie mtu wa pili zilipo.